Kondoo wa Wahome na Mlango wa Mbinya

Uligeuza uso. Usinitolee macho sasa, msomaji. Uligeuza uso wiki jana pamoja na wenzako wote, kuanzia ghorofa ya pili mpaka ya sita. Kondoo dume alipokuwa akirudi nyuma ili apate nguvu ya kugonga mara ya pili, ghafla ukakumbuka nguo zako kwenye kamba. Kioo cha gari kilipoanguka, ukaanza kuzikunja. Tangu lini wewe unakunja nguo mbichi?

Mimi sisahau. Uwanja wa watoto ulipozungushiwa mabati, ulisema ni ukarabati. Leo pale yanaoshwa magari, na mwenye kulipwa ni Wahome. Tenki la maji liliposhushwa mchana kweupe, ulisema linakwenda kusuguliwa. Bado linasuguliwa. Huko liliko lazima linang'aa.

Haya, kwa yule ambaye wiki jana gazeti lake lilifungiwa mandazi, hali ni hii.

Mbinya, tunayemwita Mama Nzivo, ndiye mwanamke pekee mwenye gari katika ploti yetu, hili jengo la wapangaji hapa Huruma. Ni gari jeusi, kuukuu, analolisugua kama sufuria ya harusi. Gari hilo ndilo linalomlisha. Jumatatu asubuhi linakaguliwa. Likipita, atapewa kazi ya kubeba wauguzi wa hospitali moja kwa mwaka mzima. Likifika na mlango uliobonyea usiofunguka, kazi inakwenda kwa mwingine.

Mzee Wahome, ajenti wa mwenye nyumba, alikuwa amemfunga kondoo pale chini. Mweupe pe, bila doa, wa kupelekwa Jumamosi kwenye ruracio, siku ya kutoa mahari ya mpwa wake Gichuru. Kondoo akakata kamba. Akajiona kwenye mlango wa gari jeusi. Akadhani ni dume mwingine anayemtazama vibaya.

Gari lilishindwa.

Mbinya alipouliza, "Nani ameona?" ploti nzima ikainamia nguo zake. Ndipo sauti nyuma yake ikasema, "Mimi nimeona."

Mbinya akageuka. Alikuwa Jacky.

Jacky wa ghorofa ya nne, ajenti wa bima, ndala miguuni na viatu virefu mkononi. Ndiye aliyemuuzia Mbinya bima ya gari, ile kubwa inayolipa mpaka gari lako mwenyewe.

"Mungu ni nani!" Mbinya akapiga makofi. "Jacky, si we ndio ulinikatia bima? Na umeona na macho yako. Niandikie klemu, nidai malipo sasa hivi."

Jacky akamshika kiwiko, akamvuta pembeni.

"Dada, tuliza roho. Bima si ya kutumia."

"Ati?"

"Bima ni ya kuwa nayo. Kama ile mtungi ya kuzima moto kwa gari. Ushawahi kuifungua?"

"Sijawahi kuungua."

"Ndio hiyo sasa. Ukidai, mwaka ujao watakupandishia. Halafu kuna ile sehemu ya kwanza unabeba mwenyewe. Halafu, na hii ndiyo mbaya, bima haijui kondoo."

"Haijui kondoo aje?"

"Bima inajua gari. Inajua moto. Inajua mwizi. Kondoo ni mambo ya kilimo na mifugo."

Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Hakusema kwamba pikapu zote tatu za Wahome zimekatiwa bima na yeye Jacky, na kwamba mwezi ujao Wahome atachagua kama atazirudisha kwake au atazipeleka kwa ajenti mwingine. Jambo dogo. Lilimpita tu.

Mbinya akamwita fundi Mativo, anayenyoosha bodi za magari kwenye kibanda cha pembeni mwa barabara. Mativo akaja na kopo lake la pati, lile dongo la kuzibia mabonyeo. Akazunguka gari huku akipiga mluzi. Hakugusa kitu.

"Nani analipa?"

"Kwani bei inategemea mtu?"

"Mama Nzivo, kuna bei ya bima na kuna bei ya binadamu. Bima ikilipa, huu mlango umekufa, fenda imekufa, na taa ya mbele imepata mshtuko. Binadamu akilipa, ni nyundo, pati na rangi. Jumapili jioni unaendesha."

"Na Mzee Wahome akilipa?"

Mativo akatazama juu, akashusha sauti. "Wahome hajawahi kulipa. Hiyo bei sijawahi kuitengeneza."

Aliyekuwa akitajwa alikuwa tayari nyuma yao, koti la suti juu, kaptura chini.

"Mbinya mama, nasikia umegongwa. Pole sana. Madereva wa siku hizi hawana adabu."

"Mzee, ni kondoo wako."

"Kondoo gani?"

"Yule mweupe. Si umemfunika shuka saa hii tu ukampandisha ngazi?"

"Aaah! Yule ni shangazi yake Gichuru. Ametoka mbali, amechoka."

"Shangazi ana pembe?"

"Mbinya, usitukane wakwe zangu."

Kwa nini mtu mzima adanganye hivyo mchana? Ngoja nikwambie. Wazee wa upande wa bibi harusi, Wangeci, wanakagua kondoo wa mahari kuliko trafiki anavyokagua lori la mchanga. Lazima awe wa rangi moja, asiye na dosari, kuanzia kwato hadi pembe. Na huyu alikuwa amevunjika ncha ya pembe ya kulia kwenye kioo cha Mbinya. Kukubali kwamba kondoo alivunja kioo ni kukubali kwamba kioo kilivunja kondoo.

"Fundi," Wahome akasema, "hebu panda juu kwangu kidogo. Kuna kabati imetoka kona. Beba hiyo pati."

Mativo akamtazama Mbinya. Akatazama kibanda chake kilichojengwa kwenye ardhi anayoisimamia Wahome. Akabeba kopo, akapanda.

Umeelewa, msomaji? Gari la mama wa watu liko chini, limebonyea. Pati inapanda ngazi kwenda kutengeneza pembe ya kondoo.

Na wewe ulimpisha fundi kwenye ngazi ukamwambia, "Kazi njema."

Wahome akaitisha mkutano hapo hapo, kati ya gari na mtaro. Watu wakashuka haraka. Kwa mkutano hamchelewi.

"Sisi hapa ni familia," alianza. Akianza hivyo, shika begi lako. "Mama Nzivo amepata shida. Bima, kama Jacky anavyotueleza, haijui kondoo. Sisemi kuna kondoo. Nasema tu haimjui. Sasa si tuipatie kitu inajua? Tumgongee!"

"Kumgongea nini?" Mbinya akauliza.

"Gari! Pikapu yangu ile ya kijani inarudi polepole, inagusa pale pale. Tunasema ni gari lisilojulikana, liligonga likatoroka. Bima inalipa, wewe unapata mlango, mimi napata amani."

"Apewe makofi!" mtu akapiga kelele. Akapewa.

"Mimi sitaki," Mbinya alisema.

Makofi yakafa moja moja.

"Sitaki kugongewa. Mzee, sema ukweli kwamba ni kondoo wako, unitengenezee mlango wangu, tumalize. Kwani ni ngumu?"

"Sasa unaona?" Wahome akawageukia watu, huzuni tele usoni. "Ukisaidia mtu, ni kiburi tu anakurudishia."

"Mama Nzivo, usikatae baraka," akasema Nabalayo, kiongozi wa maombi wa ploti, mwenye sauti ya kujaza kanisa bila spika.

Mbinya akawapa mgongo. Akapanda nyumbani kwake ghorofa ya tano, akatafuta nambari ya kampuni ya bima, akapiga mwenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa amelifikiria. Kuuliza.

"Mnyama?" sauti ya kike ikajibu. "Ng'ombe, mbuzi ama punda?"

"Kondoo."

"Dume?"

"Dume."

"Pole, mama. Msimu wa ruracio tunawapata sana. Hiyo tunalipa."

Mbinya akakaa kitandani. "Mnalipa?"

"Tunalipa. Tunataka tu mtu mmoja aliyeona. Mkaguzi wetu yuko hapo Mathare, nitamwambia apitie kwako sasa hivi. Akiridhika leo, gari linaingia gereji leo, na Jumapili unalichukua. Ila tafadhali, mtu yeyote asiliguse hilo gari mpaka afike."

"Hakuna atakayeligusa," alisema Mbinya, akicheka huku machozi yanamtoka. "Asante, mwanangu. Asante."

Alikuwa bado ameshika simu aliposikia sauti ya Nabalayo ikipanda kutoka chini.

"Baba wa mbinguni, tunaikabidhi aksidenti hii mikononi mwako! Isiumize mtu! Iguse pale palipobonyea tu, wala isivuke mpaka!"

"Amina!"

Kisha pikapu ikanguruma.

"Rudi! Rudi! Rudi!"

"Kata kulia! Kulia nyingine, mzee!"

"Bado! Kuja tu! Kuja! Wapi!"

Mbinya alitoka mbio, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Ghorofa ya nne. "Rudi!" Ya tatu. "Kidogo hivi!" Ya pili.

BAAAM!

Alipofika chini, vumbi lilikuwa bado linatua. Mlango wa mbele, uliokuwa umebonyea, sasa umekunjika. Wa nyuma, uliokuwa mzima, umeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno.

"Tumekusaidia, Mama Nzivo!" umati ukashangilia.

Wahome akateremka akipangusa mikono. "Sasa uko na aksidenti ya maana."

"Nani ameendesha?"

"Gari lisilojulikana. Limetoroka."

"Si liko hapa!"

"Linatoroka sasa," alisema Wahome. Akarudi ndani ya pikapu, akawasha, akakata kona nyuma ya ploti. Na nyinyi mkampungia mkono.

Mbinya akaegemea boneti. Alisema polepole, kila mtu akasikia.

"Nimepigia bima. Wanalipa kondoo. Walisema tu gari lisiguswe."

Nabalayo akafumba macho. Jacky akatazama kucha zake.

"Jacky?"

"Pengine... pengine wamebadilisha."

Kabla hajaulizwa zaidi, pikipiki ikasimama kando ya mtaro, na wengi wakakimbilia balkoni zao. Mkaguzi wa bima, Amolo, alikuwa mtu mfupi mwenye uso wa mtu anayedanganywa kila siku tangu aajiriwe. Alisalimu, akapiga magoti kando ya mlango. Kutoka kwenye kioo kilichovunjika akavuta sufu nyeupe, akaishika kwenye mwanga. Kutoka mlango wa nyuma akakwangua rangi ya kijani.

"Mama, kwa simu ulisema kondoo."

"Ni kondoo."

"Naona amekuja na pikapu."



"Pikapu imekuja baadaye," Mbinya akasema. "Nilikuwa juu nikiongea na ofisi yenu. Kila mtu hapa anajua. Jacky mwenyewe alisema kwa mdomo wake ameona."

Amolo akasimama, akageuka taratibu, akatazama balkoni moja baada ya nyingine. "Nani ameona kondoo?"

Mtu mmoja alipiga chafya. Mwingine akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa.

Wahome akatokea kutoka nyuma ya ploti akitembea kama anayerudi kanisani. "Mkubwa, hapa hatufugi. Mwenye nyumba alikataza, na mimi ndiye nasimamia."

Kutoka ghorofa ya tatu, kwa Wahome, ikasikika:

"Meeee!"

Ploti yote ikatazama chini, kama wanaotafuta sindano.

"Hiyo ni nini?" Amolo akauliza.

"Shangazi," alisema Wahome. "Kifua kinamsumbua."

Wakati huo huo fundi Mativo alishuka ngazi, mikono imejaa pati mpaka kwenye kucha, nyuzi za sufu zimeng'ang'ania mkono wa shati lake.

"Fundi, umetoka kutengeneza nini?"

"Kabati."

"Kabati yenye manyoya?"

Mativo akafungua mdomo. Akamwona Wahome anatazama kibanda chake kule barabarani, kwa utulivu tu, kama mtu anayepima pahali pa kujenga. Akafunga mdomo.

"Mkubwa, mimi ni fundi. Sijaona kitu."

Amolo akamgeukia Jacky. "Na wewe ndiye ajenti. Mama anasema ulisema kwa mdomo wako kwamba umeona."

"Nilisema nimeona..." Jacky akahamisha viatu mkono wa pili. "Nilisema nimeona gari limebonyea."

Hapo, msomaji, ndipo nilipotaka kulala chini nipige barabara ngumi. Lakini Mbinya hakulia. Alisimama wima, mguu mmoja na kiatu, akainua kidole.

"Nabalayo. Mamako alipofariki nilikupeleka mpaka Webuye na kukurudisha. Nilikuomba mafuta?"

Nabalayo akafumba macho tena.

"Celine, we hapo nyuma ya nguo. Nilikukimbiza hospitali, hatukufika. Ulizalia kwa hicho kiti cha nyuma. Mtoto ukampa jina langu. Sasa mlango wa hicho kiti ndio huu."

Celine akamwinua mtoto kutoka sakafuni, akaingia ndani. Tukasikia komeo.

Amolo alikung'uta magoti yake. "Sikilizeni. Mimi sina ugomvi na kondoo. Lakini nikiandika kwamba huyu mama amejigongesha ili alipwe, bima yake inafutwa leo na faili linakwenda polisi. Hakuna muuguzi atakayebebwa na hili gari Jumatatu wala siku nyingine. Nataka mtu mmoja tu. Aseme kondoo alikuja kwanza, pikapu baadaye, na mama hakuwepo. Mmoja. Si kamati."

Mtu mmoja akaanza kukunja nguo mbichi.

Wahome akamsogelea Mbinya, akamnong'oneza kwa sauti ya baba mlezi. "Wacha klemu. Sema ni gari lisilojulikana, huyu mtu aende zake. Mimi mwenyewe nitakutengenezea. Mativo amebakisha pati kidogo kwa kopo."

Hivyo ndivyo chaguo lilivyomfikia Mbinya, baada ya hekaheka zote hizo: atengenezewe na mwongo, au adai haki bila shahidi. Alitazama mlango wake. Alimtazama Wahome. 

"Hiyo pati," alisema, "mpelekee shangazi."

Aliyecheka alikuwa mmoja tu, mahali fulani ghorofa ya pili, na akajiziba mdomo haraka. Nilikusikia.

Uso wa Wahome ukabadilika. Akapiga mluzi mfupi kuelekea juu. Mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka. Gichuru na rafiki yake wakatoka na kitu kizito kimefungwa shuka, miguu minne inachezacheza, wakaanza kushuka ngazi za nyuma ambako Wahome aliiacha pikapu ya kijani ikinguruma. Wakimfikisha kwenye pikapu, kondoo amekwenda, na kesho ni mchuzi nyumbani kwa Wangeci. Hakutakuwa na pembe, wala pati, wala ukweli.

Huku mbele Amolo amesubiri vya kutosha. Amefunga kofia na kuwasha pikipiki. Ameshika kalamu na anamtazama Mbinya kwa huruma ya mtu ambaye hana la kufanya.

Basi sitakuuliza tena kama uliona. Uko kwenye ngazi hizo za nyuma hivi sasa, na ndoo yako ya maji, na Gichuru yuko hatua chache juu yako anasema, "Niaje, pisha kidogo, tumebeba mgonjwa." Ngazi zetu ni nyembamba. Watu hawapitani mpaka mmoja akubali kurudi, na kila siku anayerudi ni wewe.

Leo usirudi. Weka ndoo katikati. Panua mabega. Mwite Amolo kwa jina, kwa sauti ya kufika mpaka mtaroni, na usinyamaze mpaka azime hiyo pikipiki.

Mwite sasa!